KE70 inazima foleni ya mchana, usiku inatembea vizuri: ni kabureta kweli?

#1 Mkazi wa Temboni

Wakuu, heshima kwenu. Nina Corolla KE70 ya mwaka 1982, injini 4K, kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa) ni ileile ya Aisan. Niliinunua Mbeya mwaka jana kwa mzee mmoja mstaafu aliyeitunza vizuri, nikaiendesha mwenyewe mpaka Dar bila tatizo hata moja.

Shida imeanzia hapa mjini. Asubuhi saa kumi na mbili inawaka mara moja. Natoka Temboni, nafika Posta salama. Mchana nikirudi, nikikutana na foleni ya Magomeni kwenda Ubungo, silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inaanza kuyumba, inashuka, gari inazima. Nikipiga stata injini inazunguka tu. Nikisubiri kama dakika ishirini inawaka kama hakuna kilichotokea. Usiku saa nne napita njia hiyohiyo, haina shida kabisa.

Mafundi watatu wameshaifungua kabureta. Wa kwanza aliiosha. Wa pili akabadilisha gasketi na kusema jeti (vile vitundu vinavyopima mafuta) zimelika. Wa tatu alikaza skrubu moja, akalegeza nyingine, halafu akaniambia nitafute kabureta nyingine.

Marehemu baba alikuwa na gari kama hii, ndiyo niliyojifunzia kuendesha pale Kibaha. Sitaki kuiuza wala kuifanyia ubahili. Nataka tu kujua, kabla sijanunua kabureta nyingine: ni kabureta kweli?

#2 Chuma cha Kale

Naweka kambi hapa. Yangu ni Corolla EE90 ya kabureta, nayo inanifanyia hivyohivyo Mandela Road. Wataalamu waje.

#3 Fundi Mtulivu

Mkuu, dalili ulizotaja ni za joto. Injini za K kama hiyo 4K yako, manifoldi ya kuingiza (bomba la hewa na mafuta) na ya ekzosi (bomba la moshi) ziko upande mmoja, na kabureta imekaa juu ya ekzosi moja kwa moja. Gari ikitembea, upepo unapooza. Ikisimama kwenye foleni, joto lote linapanda kwenye kabureta. Petroli inachemka ndani ya bakuli la boya, povu na mvuke vinamwagika kwenye manifoldi, injini inapata mafuta mengi kupita kiasi na inazama. Wakati huohuo, kwenye paipu kati ya pampu na kabureta kunakuwa na mvuke, na pampu ya kusukuma mafuta haiwezi kusukuma mvuke. Ukisubiri dakika ishirini mvuke unarudi kuwa mafuta, gari inawaka.

Angalia kama kile kipande cheusi kigumu kati ya kabureta na manifoldi bado kipo. Mafundi wengi wakifungua wanakitupa na kuweka gasketi ya karatasi peke yake. Kazi yake ni kuzuia joto lisipande.

#4 Kijana wa Buza

Petroli ichemke kwenye gari? Ingekuwa hivyo magari yote ya Dar yangezima. Maji yenyewe yanachemka kwa nyuzi 100. Hapo mkuu umepigwa na mafundi, kabureta imechoka. Nunua mpya kazi iishe.

#5 Fundi Mtulivu

Kijana wa Buza, petroli siyo kitu kimoja kama maji. Ni mchanganyiko wa vitu vingi, vyepesi vinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 hadi 40 hivi, vizito vinafika karibu 200. Februari hapa Dar kivulini tu ni nyuzi 32. Sasa weka mkono juu ya kabureta baada ya nusu saa ya foleni, uone kama utaweza kuuacha pale.

Na magari mengi ya leo hayazimi kwa sababu yana injeksheni: pampu ya umeme imo ndani ya tangi na inasukuma mafuta kwa presha kubwa. Mafuta yenye presha hayachemki kirahisi. Kabureta inafanya kazi bila presha ya maana.

#6 Kijana wa Buza

Nimekuelewa mkuu. Nasoma.

#7 Mzee wa Kiwalani

Vijana, hamjambo. Nimeendesha magari ya kabureta tangu mwaka 1974, na mwanzo ilikuwa Land Rover ya serikali. Namheshimu Fundi Mtulivu lakini nasema msikimbilie mafuta. Gari likizima likiwa la moto na likakataa kuwaka hadi lipoe, mimi naanza na koili, ile inayotengeneza umeme wa cheche za plagi.

Mwanangu wa Temboni, angalia koili yako imeandikwa nini. Zipo koili zinazotaka resista ya nje (kipande cha kupunguza umeme) na zipo zisizotaka. Ukichukua ile inayotaka resista, ukaifunga bila resista, itafanya kazi vizuri sana gari likiwa la baridi. Baada ya nusu saa inakuwa ya moto huwezi kuishika, cheche inakuwa ya njano na dhaifu, mwisho inakata. Ikipoa inarudi. Nimeona watu wamebadilisha kabureta mbili kwa ugonjwa wa koili.

Siku likizima, chomoa waya wa plagi moja, weka plagi ya akiba, iguse bodi, mtu apige stata. Ila hakikisha uko mbali na mafuta. Cheche ya buluu na yenye mlio, koili ni nzima. Ya njano au hakuna, kabureta haina kosa.

#8 Bint wa Gerezani

Shikamoo mzee wa #7. Mimi nauza spea, na hili la koili nalithibitisha. Wateja wanakuja na kusema "nipe koili ya Toyota", hawasemi ya injini gani. Anayejali anakuja na ile ya zamani tukalinganisha, asiyejali anachukua ya bei ya chini.

Lakini naongeza la tatu ambalo hamjaligusa. Pampu ya mafuta ya 4K ya asili ina midomo mitatu: wa kuvuta, wa kupeleka, na mwembamba wa kurudisha mafuta kwenye tangi. Huo wa kurudisha ndio unaofanya mafuta yazunguke yasikae kwenye joto. Sokoni zimejaa za midomo miwili. Fundi akifunga hiyo anaziba paipu ya kurudi kwa skrubu, na mteja haambiwi. Kaka, funua boneti uhesabu midomo.

#9 Mzee wa Kiwalani

Marahaba binti. Hilo la pampu ni la kweli kabisa, nilikuwa nimelisahau.

#10 Mpanda Kitonga

Mleta mada kasema neno moja ambalo wote mmelipita: gari limetoka MBEYA. Mbeya iko juu kama mita 1,700, hewa kule ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi kuliko hapa pwani. Kama yule mzee alilitunza vizuri kama alivyosema, kuna uwezekano mkubwa aliweka jeti ndogo ili lisile mafuta na lisitoe moshi. Sasa umelishusha baharini, hewa ni nzito, mafuta yanayopita ni pungufu kwa asilimia 15 ileile. Injini inatembea na njaa. Injini yenye njaa inapata joto, na silensa ndiyo inayokufa kwanza.

Mimi natembea Iringa na Dar kila mwezi na Hilux ya kabureta. Nikipanda mlima Kitonga inakuwa nzito, ikifika juu inanuka petroli. Nikirudi Dar inakuwa nyepesi. Kwa hiyo kimo ni kitu cha kweli kabisa.

#11 Mwalimu wa Fizikia

Mpanda Kitonga, hoja nzuri, ila rekebisha hesabu. Kwenye kabureta mafuta yanavutwa kwa tofauti ya presha kwenye koo lake, na kiasi kinachopita hakishuki sawasawa na uzito wa hewa, kinafuata kipeuo cha pili chake. Hewa ikipungua asilimia 15, mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 8 au 9. Kwa hiyo fundi wa Mbeya aliyetuni kwa usahihi angepunguza kiasi hicho, na hapa Dar upungufu ungekuwa huohuo. Unaonekana kwenye plagi, lakini peke yake sidhani unatosha kulizimisha gari mchana na kuliacha usiku.

Kumbuka pia aliliendesha kutoka Mbeya mpaka hapa bila shida.

#12 Mpanda Kitonga

Asante mwalimu, 8 naikubali. Lakini kutembea kilomita 800 barabarani siyo ushahidi, kule alikuwa anatembea na upepo. Njaa ya silensa inaonekana gari likisimama.

#13 Mkazi wa Temboni

Nashukuru sana, sikutegemea majibu haya. Nimetoka kuangalia kwa tochi:

Pampu ina midomo miwili. Paipu ya tatu ipo, imezibwa kwa boliti. Dada wa Gerezani, ungekuwa karibu ningekununulia soda.

Koili haina maandishi, imefutika. Resista siioni popote.

Kipande cheusi chini ya kabureta kipo ila upande mmoja kimepasuka.

Plagi zote nne ni nyeusi na kavu, kama masizi ya jikoni.

Yaani kila mtu amepatia, na bado sijui.

#14 Chuma cha Kale

Plagi nyeusi! Mpanda Kitonga, njaa iko wapi hapo? Injini yenye njaa plagi zinakuwa nyeupe.

#15 Mpanda Kitonga

Fundi wa tatu si kalegeza skrubu? Skrubu ya silensa ukiilegeza unaongeza mafuta. Alikuwa anajaribu kuficha njaa ya jeti kwa kujaza silensa. Plagi zinasoma silensa ya foleni, hazisomi barabara. Hapo siondoki.

#16 Fundi Mtulivu

Kwenye hili la kusoma plagi Mpanda Kitonga yuko sahihi. Plagi isomwe baada ya gari kukimbia, zima injini papohapo ukiwa kwenye mwendo, weka gia fri, simama pembeni, fungua. Fanya barabara tupu tu, na usizungushe ufunguo kupita kiasi, usukani usije ukafunga. Rangi ya biskuti ni nzuri. Nyeusi kavu ni mafuta mengi, nyeusi yenye unyevu wa oili ni ringi au vali, nyeupe ni njaa. Ukisoma baada ya foleni unasoma foleni.

Lakini nina swali kwa mleta mada: ubavuni mwa kabureta ya Aisan kuna kioo kidogo cha duara. Mafuta yanaonekana wapi? Yanatakiwa kuwa kwenye alama ya katikati gari likiwa silensa mahali tambarare.

#17 Mkazi wa Temboni

Sikujua kama kile ni kioo, kilikuwa na uchafu nikadhani ni kizibo! Nimekifuta. Mafuta yako juu ya alama, karibu yafunike kioo chote.

#18 Fundi Mtulivu

Hapo sasa. Boya liko juu, au sindano yake haifungi sawasawa, au pampu mpya inasukuma kwa nguvu kuliko ile ya asili. Mafuta yakiwa juu, yakichemka kidogo tu yanamwagika. Hilo linaeleza plagi nyeusi, linaeleza foleni, linaeleza kwa nini stata haisaidii: injini imezama. Likizima, kanyaga mafuta mpaka chini na UACHE HAPOHAPO ukipiga stata. Usipige-pige, kila ukipiga ile pampu ndogo ya ndani inarusha mafuta mengine.

#19 Mama Abdul Mbagala

Hilo la kukanyaga mpaka chini ni kweli tupu. Mume wangu alikuwa anapigapiga kila siku na kulalamika. Nilisoma ushauri huo mahali, nikajaribu, likawaka, na tangu siku hiyo foleni ya Rangi Tatu mimi ndiye ninayekaa kwenye usukani.

#20 Kijana wa Buza

😂 Mama Abdul umenimaliza. Shemeji anajua umeandika humu?

#21 Mama Abdul Mbagala

Anajua, yuko hapa anasoma. Anasema nawe ujifunze petroli inachemka nyuzi ngapi.

#22 Mtoto wa Ilala

Naleta jambo jingine. Mafuta ya sasa hivi ni ya kuchakachua. Wanachanganya na mafuta ya taa kwa sababu ni ya bei nafuu. Plagi nyeusi, silensa mbovu, misi (injini kukatakata), yote hayo ni mafuta ya taa. Badilisha sheli kwanza kabla ya kugusa spana.

#23 Mwalimu wa Fizikia

Mtoto wa Ilala, zamani ungekuwa sahihi bila ubishi. Lakini tangu bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa juu hasa kwa sababu hiyo ya uchakachuaji, na EWURA, wadhibiti wa nishati na maji, walishaanza mwaka 2010 kuweka alama maalumu kwenye mafuta ili wayapime kwenye vituo. Sisemi hakuna anayechakachua, nasema ile faida kubwa ya mafuta ya taa iliondolewa.

Halafu angalia mantiki. Mafuta ya taa ni mazito, hayavukizi kirahisi. Gari lenye mafuta ya taa lingesumbua ASUBUHI likiwa baridi. Hili linawaka asubuhi mara moja.

#24 Mtoto wa Ilala

Hapo umenishika mwalimu. Lakini maji je? Masika matangi ya chini yanaingia maji.

#25 Mzee wa Kiwalani

Maji ni rahisi kupima. Chukua chupa safi ya kioo, toa mafuta kutoka chini ya tangi au kwenye chujio, acha yatulie usiku mmoja. Maji yatakaa chini, utaona mstari. Mwaka 1983, mafuta yalipokuwa ya mgawo na Jumapili mchana ilikuwa marufuku kuendesha gari binafsi, tulikuwa tunahifadhi petroli kwenye madumu, na kila dumu tulilipima hivyo kabla ya kumimina. Petroli ilikuwa inatunzwa kama mboga.

#26 Chuma cha Kale

Mzee, hebu tupe hadithi ya hizo Jumapili. Watu walikuwa wanakwendaje harusini?

#27 Mzee wa Kiwalani

Kwa miguu, mwanangu, na harusi zilijaa. Mwenye Land Rover ya kazi alikuwa na kibali, kwa hiyo alikuwa na marafiki wengi. Tukirudi kwenye hoja: ile Land Rover ilikuwa na kabureta ya Zenith, na kifuniko chake cha juu kilikuwa kinapinda kwa joto. Unafunga gasketi mpya, kesho inavuja hewa tena. Tulikuwa tunakisugua juu ya kioo kilichotandikwa msasa mpaka kinyooke. Aisan nayo iangalie uso wa chini, weka rula ya chuma, tazama kama mwanga unapita.

#28 Fundi wa Tandika

Salamu wakuu. Miaka kumi na tisa gereji. Nimesoma yote na moyo unaniuma, kwa sababu kabureta zinaonewa. Gari likisumbua, kitu cha kwanza kufunguliwa ni kabureta kwa kuwa iko juu na inafikika. Kabureta ndiyo ya MWISHO kutuniwa. Mfuate utaratibu huu:

Anza na vali. 4K ya kupima kwa filageji (kipimo cha uwazi), injini ikiwa ya moto, za kuingiza milimita 0.20, za ekzosi 0.30. Vali iliyobana haitoi silensa nzuri hata uweke kabureta ya dhahabu. Halafu pointi za distributa (zinazokata umeme wa koili ili cheche itoke), uwazi milimita 0.45. Halafu taimingi (wakati wa cheche kutoka) kwa taa, siyo kwa sikio. Halafu tafuta uvujaji wa hewa: injini ikiwa silensa, pulizia maji kidogo kidogo kuzunguka shina la kabureta na mipira yote ya vakyumu (ya mvuto wa hewa), pamoja na ule mnene wa busta ya breki. Silensa ikibadilika, umepata tundu. Wengine wanapulizia dawa ya kuoshea kabureta, juu ya ekzosi ya moto, mimi siruhusu kwenye gereji yangu. Nimeshaona boneti ikiungua.

Ndipo sasa kabureta. Injini iwe ya moto, choki imefunguka yote. Ile skrubu ya mchanganyiko, ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze, ncha yake ni kama sindano na ukikaza inachongeka, haitatuni tena maisha yake. Fungua mizunguko miwili na nusu. Washa. Weka silensa kwenye mizunguko kama 750 kwa dakika kwa ile skrubu nyingine. Rudi kwenye mchanganyiko: funga robo robo mpaka injini ianze kutetemeka, fungua mpaka iwe tulivu na mwendo wake ufike juu kabisa, kisha irudishe ndani kidogo sana. Rekebisha silensa tena. Rudia mara mbili au tatu, kwa sababu skrubu hizi mbili zinavutana.

Mafundi wale watatu, hakuna hata mmoja aliyegusa vali wala pointi. Sio kwamba ni watu wabaya. Mteja anasema "nitengenezee kabureta", fundi anatengeneza kabureta.

#29 Bint wa Gerezani

Fundi wa Tandika, hilo la mwisho ndugu yangu liandikwe kwenye mlango wa kila gereji. Mteja asema dalili, asiseme jina la kifaa.

#30 Kijana wa Buza

Na kufunga kabureta ya Weber 32/36 mpya je? Jamaa yangu kafunga kwenye injini ya 5K, anaisifu sana, inavuta kama mpya.

#31 Fundi Mtulivu

Weber ya kweli ni kabureta nzuri sana. Tatizo ni mbili. Kwanza, nakala za bei ya chini zimejaa, zinafanana kwa nje, ndani matundu hayajatobolewa sawa. Pili, ukiifunga juu ya ekzosi ileile, na pampu ileile ya midomo miwili, na koili ileile, joto litaikuta. Utakuwa umehamisha ugonjwa kwenye kitanda kipya.

#32 Nyota ya Kigamboni

Mimi kisa changu ni kifupi. Gari langu lilikuwa linazima hivyohivyo kila baada ya nusu saa. Kabureta, koili, pampu, vyote nilibadilisha. Mwisho mlinzi wa ofisini akaniambia nifungue mfuniko wa tangi likizima. Nikasikia "fyuuu", hewa ikaingia, gari likawaka. Mfuniko ulikuwa hauna tundu la kupumulia, nilinunua wa gari jingine. Tangi linakuwa na vakyumu, pampu inashindwa kuvuta.

Nilitumia pesa nyingi sana kabla ya huyo mlinzi. Nampa zawadi kila Sikukuu mpaka leo.

#33 Mpanda Kitonga

Sasa hii ya mfuniko ndiyo ya ngapi? Mimi bado nasema jeti. Mleta mada, fungua jeti kuu, ina namba imechongwa usoni. Linganisha na namba za asili za 4K. Namba haidanganyi.

#34 Mkazi wa Temboni

Wakuu, nimerudi na matokeo. Jana mchana likazima tena, mataa ya Magomeni, jua la saa nane. Safari hii nilikuwa nimejiandaa.

Kioo: mafuta yapo, kwenye alama kabisa, siyo juu kama lilipokuwa baridi. Cheche: ilikuwepo, rangi siwezi kuapa, jua lilikuwa kali sana, niliona kama ya njano. Nikafungua mfuniko wa tangi, nikasikia mlio wa hewa, siyo mkubwa. Nikachukua koili ya akiba niliyoazima kwa jirani, yenye resista yake, nikaifunga palepale. Nikakanyaga mafuta mpaka chini kama Mama Abdul. Likawaka mara ya kwanza! Nikafika Temboni bila kuzima.

#35 Mzee wa Kiwalani

Koili. Nilisema.

#36 Nyota ya Kigamboni

Mfuniko! Kasikia mlio wa hewa.

#37 Mama Abdul Mbagala

Kakanyaga mpaka chini. Injini ilikuwa imezama.

#38 Fundi Mtulivu

Na mafuta kushuka kutoka juu ya kioo mpaka kwenye alama maana yake yaliyozidi yalikwenda mahali. Yalichemka yakamwagikia kwenye manifoldi.

#39 Mwalimu wa Fizikia

Ndugu mleta mada, umefanya vitu vitatu kwa dakika kumi. Kila mmoja hapa ana haki ya kudai ushindi na hakuna anayeweza kuthibitisha. Hata muda wenyewe uliotumia kufunga koili ulilipooza gari. Na ile "usiku halizimi" pia haijathibitisha joto, kwa sababu saa nne usiku hakuna foleni.

Nakuomba, rudisha koili ya zamani. Ndiyo, irudishe. Wiki moja tembea na mfuniko umelegezwa kidogo. Likizima, mfuniko hauna kosa. Wiki ya pili koili mpya peke yake. Wiki ya tatu pampu ya midomo mitatu. Andika kwenye daftari.

#40 Fundi wa Tandika

Mwalimu, kwenye darasa ni sawa, barabarani siungi mkono. Mfuniko uliolegezwa unamwaga petroli kwenye kona na mvuke unatoka nyuma ya gari. Anunue mfuniko sahihi, ni kitu kidogo. Na koili isiyo na resista kuirudisha ni kuunguza pointi bure. Koili ya aina hiyo ina omu 1.5 hivi, kwa volti 12 inavuta ampea 8 pale pointi zinapofunga, wakati ingetakiwa kuvuta kama 4. Isirudi kamwe. Koili sahihi ibaki, pampu sahihi ifungwe, ndiyo tuone kinachobaki.

#41 Mwalimu wa Fizikia

Nakubali kuhusu koili. Kuhusu mfuniko, basi anunue sahihi, lakini siku tofauti na siku ya pampu. Hapo sirudi nyuma.

#42 Bint wa Gerezani

Kaka wa Temboni, pampu ya midomo mitatu nimeipata, ni ya kutumika lakini kiwambo chake nimekijaribu kwa mdomo, kinashika. Kipande cheusi cha chini ya kabureta bado natafuta. Usikubali kuchongewa cha alumini, hicho kinapitisha joto badala ya kulizuia.

#43 Mkazi wa Temboni

Dada asante sana, niwekee. Nimeelewa wakuu. Koili sahihi inabaki. Jumamosi hii Fundi wa Tandika amekubali nimletee, tutaanza na vali na pointi, kabureta hatutaigusa. Jumamosi ijayo pampu. Mfuniko baada ya hapo.

Leo mchana nimepita tena Magomeni. Halikuzima, ila karibu na daraja la Kijazi silensa iliyumba mara mbili, ikarudi. Mawingu yalikuwa mengi.

#44 Mpanda Kitonga

Iliyumba. Jeti hiyo. Namba imeandikwa ngapi?

#45 Mkazi wa Temboni

Mpanda Kitonga, Jumamosi nitaisoma na nitaiandika hapa.

#46 Chuma cha Kale

Samahani mleta mada kuingilia uzi wako. Nimetoka kufunua boneti ya EE90 yangu. Kuna mpira mwembamba wa vakyumu umeziba kwa msumari, sijui unatoka wapi. Kuna anayejua unakwenda wapi kwenye injini yake ya 2E?